Maswali ya Wasomaji: Oklahoma! iliwagawa watazamaji kwa nini?

SWALI: Mhariri, nasikia Oklahoma!, mchezo wa nyimbo wa Kimarekani uliorudishwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 2019, ulipata tuzo ya Tony ya maigizo, ilhali baadhi ya watazamaji walitoka wamenuna. Ikiwa maneno ni karibu yale yale ya 1943, waliudhiwa na nini? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Waliudhiwa zaidi na mwisho wake. Katika mchezo wa awali, Jud, kibarua wa shamba, anapigana na Curly, mchunga ng'ombe aliyemwoa Laurey, msichana ambaye Jud naye alimtaka, na Jud anaangukia kisu chake mwenyewe. Muongozaji Daniel Fish alimfanya Jud ampe Curly bastola, Curly akampiga risasi, na damu ikarukia nguo nyeupe za harusi. Kisha kesi ya Curly kuhusu kifo hicho inamalizwa harakaharaka na wimbo wa shangwe unaimbwa. Haraka hiyo ya kesi imo tangu 1943, ila zamani muziki uliifunika. Ndiyo maana sisi tunaona uamuzi wa Fish ulikuwa na msingi. Lakini aliyekuja kusikia nyimbo za utotoni alihisi ameporwa.

Taa nazo zilichangia. Muda mwingi ukumbi ulikuwa na mwanga, watazamaji wakitazamana uso kwa uso, hapana pa kujificha. Dansi inayoonyesha ndoto ya Laurey, iliyokuwa ikifunga sehemu ya kwanza, ilihamishiwa baada ya mapumziko na kuchezwa hasa na mtu mmoja, peku. Wapo walioiona ndefu mno.

Wapiga ala saba tu badala ya okestra kubwa walipendwa na wengi: maneno yalisikika wazi. Na mapumzikoni watu waligawiwa maharage ya pilipili na mkate wa mahindi.