Muuzaji anataka advansi ndio anishikie friji, nitume?

SWALI: Habari dada, mimi ni mama ntilie huku Mbagala. Nimeona tangazo mtandaoni, friji used la milango miwili laki mbili na nusu, picha nzuri kabisa, nikampigia yule kaka akasema yuko Tegeta ila kuna watu wanne wanalitaka kwahiyo nimtumie elfu hamsini anishikie, akishaipata ndio anielekeze kwake. Na hili joto samaki wangu wanaoza kila siku, natamani nitume tu yaishe. Unanishauri nini?

JIBU: Mama yangu, usitume. Hata elfu tano usitume. Mwenye friji kweli hana sababu ya kukuficha anapokaa, yeye anataka ufike, ulione, ulibebe, nafasi ibaki sebuleni. Hao watu wanne kazi yao ni kukuharakisha usifikiri, na hiyo hamsini ikishaenda itafuata ya kirikuu, itafuata ya vijana wa kubeba, halafu namba haipatikani na imekula kwako. Nasema hivi kwa uchungu maana na mimi nililizwa hivyo hivyo kwa kabati la nguo, kumbe picha zilikuwa za mtu mwingine kabisa na yule jamaa hakuwahi kuwa hata na droo.

Mwambie akurekodie kavideo kafupi friji likiwa linawaka, juu yake aweke karatasi ameandika jina lako na tarehe ya leo. Aliyeokota picha kwenye tangazo la mwenzake hapo atakwama. Akikubali nenda mchana, nenda na mtu, na mwombe ukifika ulikute limezimwa, usikie mwenyewe linavyoanza kuunguruma, kaa hapo hata saa nzima ongeeni mambo mengine ndio ufungue friza uguse kama limeshika baridi. Mpira wa mlango usiusahau: weka karatasi, funga, vuta, ikitoka kirahisi ujue baridi linavuja na luku utailipa wewe. Hapo sasa ndio lipia kwa simu, friji likiwa mbele yako, na kabla hujaweka namba ya siri soma jina linalotokea, kama sio la huyo unayeongea naye uliza kwanza. Ukifika nalo nyumbani, hasa kama lililazwa njiani, lisimamishe masaa kadhaa kabla hujalichomeka.

SWALI: Dada mimi niko Morogoro, nauza cherehani ya marehemu mama, Singer ya miguu. Wiki tatu watu wanauliza bei wanapotea. Juzi mmoja akasema ameshalipa, kweli sms ikaingia laki na themanini, bodaboda wake yuko mlangoni tayari, bahati nikacheki salio hamna kitu. Inakuwaje?

JIBU: Pole, na umefanya la maana sana kucheki salio. Ile sms mtu anaiandika tu kwa vidole vyake kama ninavyoandika hapa. Angalia imetoka wapi, mara nyingi utakuta ni namba ya kawaida ya mtu, lakini hata jina likifanana na la mtandao wewe amini salio, sio meseji. Na akipiga analia kwamba amezidisha umrudishie chenji, ni mchezo ule ule. Hiyo namba iripoti, tuma neno UTAPELI kwenda 15040, ya TCRA hiyo, mamlaka ya mawasiliano, ufuate maelekezo.

Kuhusu wanaopotea, umenitumia tangazo lako, limeandikwa "cherehani inauzwa, njoo inbox" na picha moja imepigwa usiku. Mtu hawezi kupanda gari kwa hiyo. Itoe barazani asubuhi, piga picha nzima, piga sindano kwa karibu, piga ile kona iliyochubuka usiifiche maana akija kuikuta mwenyewe hapo ndio bei inaporomoka. Andika hivi: "Cherehani Singer ya miguu, imetumika, inashona vizuri, mkanda mpya, meza imechubuka kona moja, ipo Msamvu, 180,000 maongezi yapo, njoo na kitambaa chako ujaribu." Hilo la kitambaa ndilo litakuletea fundi mwenyewe, na fundi hapotezi muda wako. Anwani ya nyumbani usiiweke kwenye tangazo, mpe mtu mkishaongea, na siku hiyo usiwe peke yako.

SWALI: Simu used nitajuaje sio ya wizi?

JIBU: Bonyeza *#06#, zile tarakimu 15 zitume kwenda 15090, utaletewa jina la simu, likija la simu nyingine hiyo feki iache. Lakini hapo umejua feki tu, ya wizi inaweza kuja na jina sahihi kabisa. Kwahiyo omba boksi na risiti, linganisha tarakimu za kwenye boksi na za kwenye simu, halafu andikishaneni, jina lake, namba ya NIDA, sahihi, shahidi mmoja. Polisi wakiifuatilia hiyo simu watakukuta nayo wewe, na hiyo karatasi ndio itakusemea. Asiye na boksi, asiye na risiti, na kuandikishana hataki, mrudishie simu yake uondoke.