Kadi ya picha kwa TV ya chogo: kagueni tundu kwanza

Kwa ninyi mnaoanza kucheza gemu za zamani kwenye kompyuta na mnaotaka picha iende kwenye TV ya chogo, shauri langu ni kuigeuza kadi ya picha na kukagua matundu yake kabla ya kuuliza ina kumbukumbu kiasi gani. Mzigo wa kuiga mashine za miaka ya 1980 na 1990 hubebwa zaidi na prosesa. Kadi inadaiwa mawimbi ya analogi yaliyo sahihi, yaani ya aina ambayo TV ya chogo huyaelewa, basi.

Kadi yangu ya kwanza, niliyoinunua ikiwa imetumika, ilikuwa na nguvu kupita mahitaji yangu, lakini nilipofika nyumbani adapta ya VGA (tundu la analogi la skrini za zamani za kompyuta) ilikataa kuingia kwenye tundu lake la DVI, tundu pana la picha. Tazameni ufa mwembamba ulio pembeni mwa tundu hilo: ukizungukwa na vijishimo vinne, viwili juu na viwili chini, hiyo ni DVI-I, inayobeba analogi, ukiwa peke yake ni DVI-D, dijitali tupu.

Upande wa NVIDIA, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa kadi, familia ya mwisho yenye analogi ni GTX 900, kwani GTX 10 za mwaka 2016 hazina kabisa. Upande wa AMD, mshindani wake anayetoa kadi za Radeon, R9 290 ya mwaka 2013 iliiacha, ingawa R9 380 iliyokuja baadaye bado inayo. Mimi huchagua Radeon, hata HD 5450 ndogo, kwa sababu ndizo zinazofanya kazi na CRT EmuDriver, draiva (programu za kuiendesha kadi) za Windows zinazoilazimisha kutoa picha ya mistari 240 kwa kilohetzi 15.7, yaani mistari kama 15,700 kwa sekunde, ambazo TV inazihitaji, badala ya 31.5 za VGA ya kawaida. Draiva hizo pia huweza kulinganisha kasi ya skrini na ya gemu, na faida yake huonekana kwenye R-Type, gemu iliyochorwa kwa takriban picha 55 kwa sekunde: kwenye skrini iliyofungwa kwenye 60, mandhari husogea kwa kushtukashtuka, ilhali kasi ikilingana nyota hupita laini kama maji.

Msiiwashe TV mapema. Kompyuta inapoanza kuwaka, kabla ya draiva kushika kazi, kadi hutoa kilohetzi 31, na TV isiyozimudu inaweza kuungua. Subirini Windows ifunguke kwanza.

Waya nao una masharti yake. Rangi za VGA, zenye volti 0.7, zinaingia moja kwa moja kwenye SCART (tundu pana la nyuma ya TV) ya RGB, yaani inayopokea nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake, lakini mawimbi mawili ya ulinganishaji, yanayoiambia TV kila mstari na kila picha vianze lini, hufika volti 5, hivyo ni lazima fundi ayaunganishe yawe moja na kuyapunguza. TV yenye tundu la njano la AV pekee haipokei RGB, kwa hiyo hapo mtahitaji kigeuzi, na sehemu ya ule ung'avu mtaipoteza.