Maswali na majibu: matukio ya tarehe moja

Shikamoo Mwalimu. Azimio la Arusha ni 5 Februari na kuzaliwa kwa CCM ni 5 Februari. Imetokea tu? (Msomaji wa Sakina, Arusha)

Marahaba. Haikutokea tu. Anzia nyuma zaidi: Afro-Shirazi Party ilizaliwa Zanzibar 5 Februari 1957. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapa Arusha kuanzia 26 hadi 29 Januari 1967 na kupitisha Azimio, kisha likatangazwa kwa wananchi 5 Februari. TANU na ASP zilipoungana mwaka 1977, siku ya kuzaliwa CCM ikawa hiyo hiyo, ASP ikitimiza miaka 20 na Azimio miaka 10. Ukimfundisha mtoto, mpe miaka yote mitatu: 1957, 1967, 1977. Ataikumbuka mpaka uzeeni.

Babu yangu husema 12 Aprili ni siku ya mkosi kwa sababu ya Sokoine. Ni kweli? (Mwanafunzi, Monduli)

Babu anasema kwa uchungu, na uchungu huo nauelewa. Edward Moringe Sokoine, mtoto wa Monduli na Waziri Mkuu wetu, alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Lakini tarehe hiyo hiyo mwaka 1961 Yuri Gagarin aliizunguka dunia angani, binadamu wa kwanza kufika huko. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani naye alifariki 12 Aprili 1945. Furaha na misiba imepishana humo humo.

Mwaka una siku 366 kwa wingi wake, na historia ina matukio yasiyohesabika, kwa hiyo lazima yarundikane. Jaribu darasani kwenu: wakifika wanafunzi 23 tu, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja unapita nusu. Wakiwa 60, karibu ni hakika.

Sisi wa Old Moshi tunaikumbuka 2 Machi. Kwingine duniani kulitokea nini siku hiyo? (Msomaji wa Old Moshi)

Asante sana kwa swali hili, maana watu wengi wanaoweza kukutajia tarehe za vita vya Ulaya hawaijui 2 Machi 1900. Siku hiyo Wajerumani walimnyonga Mangi (yaani mtawala wa Wachaga) Meli wa Moshi, mwana wa Mangi Rindi, pamoja na viongozi wenzake, akiwemo Mangi Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Walishtakiwa kwamba wanapanga kuwashambulia wakoloni. Wajerumani walikuwa na kisasi cha zamani: Juni 1892 askari wa Meli waliwapiga, na kamanda wao von Bülow akauawa. Walirudi mwaka uliofuata na jeshi kubwa zaidi, wakaishinda Moshi.

Mti wa kunyongea upo mpaka leo, na wageni hupelekwa kuuona. Kinachouma zaidi ni kwamba kichwa cha Mangi kinaaminika kilichukuliwa kwenda Ujerumani, na ukoo wake umekidai kwa miaka mingi ili azikwe kwa heshima. Ningependa shule zote za Kilimanjaro ziisome habari hii hata kabla ya mambo ya Bismarck.

Kwingine: 2 Machi 1956 Moroko ilipata uhuru kutoka kwa Ufaransa. Na siku moja tu kabla katika kalenda, 1 Machi 1896, Wahabeshi waliwashinda Waitaliano kule Adwa. Ziandike zote tatu pamoja, zote ni habari za Waafrika na wakoloni.

Mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokuwa AICC, kituo cha mikutano cha Arusha, ina tarehe gani ya kukumbukwa? (Dereva wa daladala, Kijenge)

2 Septemba 1998. Siku hiyo, hapa hapa mjini, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari. Hakuna mahakama ya kimataifa iliyowahi kutoa hukumu ya kosa hilo kabla yake. Tarehe hiyo hiyo mwaka 1945 Japani ilitia saini kusalimu amri, Vita vya Pili vikaisha. Mkataba wa kuzuia mauaji ya kimbari wenyewe ulipitishwa Umoja wa Mataifa 9 Desemba 1948, miaka 13 kamili kabla ya uhuru wetu.

Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi mbona huadhimishwa Novemba? (Msomaji wa Majengo, Moshi)

Ni suala la kalenda. Mwaka 1917 Urusi ilikuwa bado inatumia kalenda ya zamani ya Julius Kaisari, iliyokuwa nyuma ya yetu kwa siku 13. Kwao ilikuwa 25 Oktoba, kwingine tayari 7 Novemba. Walibadili kalenda mwaka 1918. Kwa hiyo unapolinganisha tukio la Urusi ya kabla ya hapo na la kwetu, uliza kwanza tarehe imeandikwa kwa kalenda ipi.