Jike anameza mayai

SWALI: Nina jozi ya samaki wadogo wanaoatamia mdomoni, Pseudocrenilabrus multicolor wa Ziwa Viktoria. Jike hubeba mayai siku tatu, kisha kidevu kinarudi bapa. Kwa nini?
Msomaji, Jinja

JIBU: Ameyameza. Mara nyingi chanzo ni dume, ambaye halei watoto na humfukuza jike mchana kutwa. Usifuge jozi, weka dume 1 na majike 3 katika lita 80, pamoja na mimea mingi na vigae vya kujificha. Jike anayebeba kwa mara ya kwanza naye humeza, mvumilie.

Siku ya 7 mhamishe kwa bakuli, gizani. Wavu humtia hofu akatema. Tangi la lita 20 latosha: maji yaleyale ya tangi la zamani, chujio la sponji, nyuzijoto 26. Hatakula, basi usimlishe.

Vifaranga hutoka kati ya siku ya 10 na 14. Ukisogeza mkono, mama huinamisha kichwa nao humiminika tena mdomoni. Picha nzuri kweli! Baada ya siku chache mtoe mama. Walishe artemia (vijikamba wadogo sana wa maji ya chumvi) walioanguliwa siku hiyohiyo, kidogo mara 3 kwa siku, na unyonye mabaki kila jioni, maana yakioza huua wote.