Kwa kijana wa Kaimosi anayeambiwa abatizwe Nakuru

Mulembe (ndiyo salamu yetu Waluhya) mdogo wangu, na karibu sana. Najua swali kama lako mtu halileti mbele ya watu asiowajua kabla ya kulala nalo siku nyingi. Na nyinyi mnaosoma bila kusema kitu, karibuni pia. Nikitazama tu majirani zangu wa sokoni, naona swali hili lina wenyewe wengi.

Kwa ambaye hakusoma alichouliza: kijana amelelewa katika kanisa la Friends, wale wanaoitwa pia Quakers, upande wa Kaimosi huku magharibi mwa Kenya, na babake ni mzee wa kanisa. Amehamia Nakuru kikazi, amepanga Kaptembwo, na kanisa analosali sasa limemwambia hataendelea kuimba kwaya mpaka abatizwe kwa maji mengi. Mzee amepata habari, akasema kijana akiingia majini atakuwa amekana yote aliyofunzwa. Anauliza: nikibadilika hivi nimepoteza imani? Nimwambieje baba? Na nikitaka kurudi, watanipokea?

Mimi ni wa Friends kwa kuzaliwa, kule Vihiga, na nauza nguo za mitumba Kibuye hapa Kisumu. Nilibatizwa ziwani nikiwa tayari mama wa watoto. Nitakueleza yaliyonipata mimi, ya kwako utaamua mwenyewe.

Kuna jambo ambalo watu wa kanisa hawapendi kulisema. Sikuhama Friends kwa sababu ya fundisho lolote. Nilihama kwa sababu ya soko. Anayeijua Kibuye anajua Jumapili ndiyo siku yenyewe. Wanunuzi wanatoka Siaya, Vihiga, mpaka Nandi, na ukifungua robota lako la nguo saa saba mchana utakuta wenzako wameshauza na wateja wako wameshapanda matatu. Kanisa la Friends nililokuwa nikienda mjini lilianza saa nne. Ongeza matangazo, wageni kusimama na kusalimia, mchango wa paa, na unatoka saa saba. Jirani yangu wa meza ya viatu alikuwa na kanisa lenye ibada ya alfajiri, saa mbili mko nje. Nikaenda naye Jumapili moja, nikaenda nyingine, watoto wakapata marafiki huko, halafu nikaugua na wao ndio waliokuja na uji. Hivyo ndivyo watu wengi wanavyohama kanisa. Maandiko yalinifuata nyuma, kuja kupanga sababu vizuri.

Nakwambia hivi kwa sababu umeandika kwamba imani yako imebadilika, lakini nimesoma maneno yako mara mbili. Unasema kanisa hilo liko karibu na unakolala. Unasema kazi yako ni ya zamu. Unasema wanakwaya ndio watu wa kwanza kukuita kwa jina tangu ufike Nakuru. Hujasema hata mahali pamoja kwamba huamini tena alichokufunza baba. Kilichobadilika ni mji, ratiba na watu. Hayo ni mabadiliko makubwa, sikatai, na yana uchungu wake, lakini ukiyaita kupoteza imani unajitwika mzigo ambao hukuubeba kutoka nyumbani.

Sasa hili la maji. Friends hawabatizi kwa maji wala hawashiriki mkate na divai, na hawakufika hapo kwa kusahau. Tangu walipoanza Uingereza katika karne ya 17, wakati wa George Fox, wameshika kwamba ubatizo wenyewe ni wa Roho na hufanyika ndani ya mtu. Wazee wetu ukiwauliza watakufungulia Mathayo 3, pale Yohana anapotofautisha maji yake na ubatizo wa yule anayekuja, kisha wakupeleke 1 Wakorintho 1, pale Paulo anaposema hakutumwa kubatiza. Pasta wako naye atakufungulia Matendo 8, towashi wa Ethiopia aliyebatizwa kwa maji ya kando ya njia. Nimewahi kukaa katikati ya mabishano haya mpaka chai ikapoa. Yamedumu zaidi ya miaka 300, na sidhani yanangoja wewe uyamalize ndipo uimbe sauti ya tatu.

Ila kuna kitu kinanikera, nacho ni mtu kumwambia mtoto wa Friends kwamba hajaokoka kwa sababu hajazamishwa. Mamangu hajawahi kuguswa na maji ya ubatizo, na saa kumi na moja alfajiri, mvua au kiangazi, yuko magotini. Kwa hiyo muulize pasta kwa heshima: maji haya ni ya nini? Ni sharti la kuwa mwanachama wenu, au mnasema kwamba mpaka leo mimi si Mkristo? Akikupa jibu la kwanza, hiyo ni kanuni ya nyumba, na mgeni akikaribishwa huvua viatu bila kumtukana aliyemlea. Akikupa la pili, ujue anakutaka useme neno kuhusu baba yako, na hapo usikubali haraka.

Mimi niliuliza. Nikaambiwa ni uanachama. Nikakubali.

Mama nilimwambia jikoni, akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa. Aliuliza tu kama ziwa lile halina viboko, na kama nikizama nani atawalea watoto. Nilidhani yameisha hapo. Kumbe yalienda kwa baba mkubwa, na baba mkubwa akaita kikao. Tukaketi sebuleni kwake, wajomba, shangazi, hata mtu mmoja wa ukoo ambaye nadhani alikuja kwa ajili ya kuku. Baba mkubwa akasema sisi ni watu wa Kaimosi, imani yetu haijawahi kuyumba.

Hapo shangazi yangu akacheka. Akamkumbusha mama yao.

Unajua historia hii, lakini huenda hujawahi kuisikia ikitajwa katika mabishano ya nyumbani. Wamisionari watatu wa Friends kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, mwaka mmoja tu baada ya reli kufika hapa Kisumu. Babake babu yangu alipowafuata kwenda kusoma, ukoo ulimhesabu amepotea. Halafu mwaka 1927 uamsho wa Roho ukazuka pale pale Kaimosi, watu wakatubu hadharani, wakalia, wakatetemeka, wakanena kwa lugha. Misheni haikupendezwa, na walioshikilia mambo hayo wakajikuta nje. Kwao ndiko yalikotoka makanisa ya Roho, wale unaowaona Jumapili na kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu, wakienda na ngoma. Nyanya yetu, mama mzazi wa huyo baba mkubwa, alilelewa na wazazi wa Roho. Alikuja Friends kwa kuolewa. Kwa hiyo katika vizazi vinne vya nyumba moja, mmoja ameacha matambiko, mwingine amefukuzwa kwa kunena kwa lugha, mwingine amerudi kwa ndoa, halafu mimi naitiwa kikao kwa sababu ya maji.

Na hilo la ndoa nalisema kwa sauti, maana sisi wanawake tumelizoea mpaka halionekani. Huku kwetu binti wa Friends akiolewa na Mkatoliki wa Mumias au Muadventista wa Kendu Bay, mwezi haujaisha ameshajifunza nyimbo mpya na siku mpya ya kusali, na wazazi wake wanapiga vigelegele. Hakuna anayesema amekana imani. Kijana wa kiume akibadili kanisa kwa hiari yake, ukoo mzima unakosa usingizi. Jiulize basi kinachoogopwa hapo ni imani kupotea au ni jina la mzee kupungua katika benchi la mbele.

Hata ibada anayoilinda baba yako, yenye pasta, kwaya na mahubiri marefu, Friends wengi wa Uingereza wangeishangaa. Wao hukaa kimya saa nzima bila pasta, na anayesukumwa moyoni ndiye husimama kusema. Na bado Kenya ndiyo nchi yenye Friends wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Kwa hiyo mzee naye amerithi kitu kilichobadilika njiani, na amekishika kwa uaminifu. Usimwambie hivyo kwa kiburi, lakini.

Maana usije ukadhani namkejeli. Mzazi wa siku hizi ana sababu. Tangu Aprili 2023, miili ya waumini walioambiwa na mhubiri wafunge mpaka kufa ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola kule Kilifi mpaka ikapita 400, mzazi akisikia mtoto wake amepata kanisa jipya mjini, hasikii kwaya, anasikia msitu. Mpe habari zitakazomtuliza. Nani anashika pesa za kanisa na nani anazikagua? Ukiugua unaruhusiwa kwenda hospitali? Ukitaka kwenda nyumbani Jumapili, kuna anayekununia? Kama huna majibu ya haya, yatafute kwa ajili yako mwenyewe kwanza, kabla ya mzee. Na kama kuna mtu anakwambia utoe pesa kama "mbegu" ndipo zamu zako za kazi zibadilike, toka, sina maneno mengi hapo.

Mama yangu alilegea lini? Si kwa hoja zangu. Mwaka 2020 makanisa yalifungwa mwezi Machi kwa ajili ya korona, na yalipofunguliwa Julai masharti yakawa watu 100, saa moja basi, na aliye chini ya miaka 13 au juu ya 58 abaki nyumbani. Mama alikuwa ameshapita 58. Benchi alilokalia tangu aolewe, akaambiwa asilisogelee. Nilimpigia simu Jumapili hiyo nikiwa na maneno ya kumfariji, nikamkuta ameshamaliza ibada: yeye, ng'ombe wake, na jirani mmoja upande wa pili wa ua, kila mmoja anaimba kutoka kwake. Aliniambia hakuona tofauti kubwa ila sadaka hakujua ampe nani. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena habari ya maji. Mimi ndiye niliyebaki nikifikiri, kwa sababu kanisa langu la alfajiri lilipofungwa nilijikuta siwezi kuomba hata dakika kumi peke yangu. Nilikuwa nimezoea kubebwa na spika.

Hilo ndilo ningekuomba ulipime, badala ya maji. Zamu ikikunyima Jumapili wiki tatu mfululizo, bado unaomba? Kama ndiyo, alichokupa baba umekibeba mpaka Kaptembwo. Kama hapana, kubatizwa hakutakisaidia, na kukataa kubatizwa pia hakutakisaidia.

Jinsi ya kumwambia. Nenda mwenyewe, kabla ya tendo, si baada. Usitumie simu, na usimtumie mchungaji wa huko akusemee. Usiende Krismasi wala wakati wa matanga, nyumba ikijaa watu mzee atalazimika kuwa mkali ili aonekane. Chagua wiki ya kawaida, ukae siku mbili, umsaidie kazi, halafu useme jioni. Na usiende na aya. Yeye ana nyingi kukushinda. Mwambie unachokishika bado kutoka kwake, kwa mfano kama husemi uongo kazini au huendi kwenye ugomvi kwa sababu yake, maana Friends wana habari ya amani zaidi kuliko habari ya maji. Kisha umwambie umeamua nini. Akinyamaza, mwache anyamaze. Kunyamaza si kitu kigeni katika kanisa letu.

Ukikubali kubatizwa, chungulia na mahali penyewe. Sisi tulipelekwa upande wa Dunga, ufuo wa ziwa hapa Kisumu, na pasta aliwatuma vijana wawili kuangalia viboko kabla hatujashuka. Gugumaji lilikuwa limejaa, tukangoja upepo ulisogeze. Hatari ya kichocho hakuna aliyeitaja, nami naitaja sasa. Ufuo wenyewe ulimezwa ziwa lilipofurika mwaka 2020. Ninyi huko ziwa lenu ni la magadi na liko ndani ya mbuga, kwa hiyo nadhani wana kidimbwi cha kanisa. Afadhali.

Kurudi je? Wakubwa wa kanisa lenu siwezi kuwasemea. Mimi nikienda nyumbani Jumapili nakaa na mama kwenye benchi lake, naimba, na hakuna aliyewahi kunizuia mlangoni. Mara ya mwisho niliwekwa kwenye kamati ya mabati ya jiko la kanisa, na ahadi yangu ikaandikwa kabla sijafungua mdomo, mara mbili ya wengine, kwa sababu eti mimi ni mtu wa Kisumu.