Daftari la Matendo Yangu Mema

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na daftari nililoandika humo kila jema nililolitenda: wagonjwa niliowatembelea, siku nilizofunga, sadaka niliyotoa. Kila jioni nililifungua ili nipime kama Mungu ameridhika nami. Kisha nikaugua, nikalala kitandani miezi mitatu, na kurasa zikabaki tupu. Nilichokiogopa kuliko kifo chenyewe ni kusimama mbele za Mungu mikono mitupu.

Katika hali hiyo nilisoma upya Waefeso 2:8-9, kwamba tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo. Nilimkumbuka pia yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu, ambaye hakuwa na nafasi ya kufidia lolote, na bado aliahidiwa Peponi siku ile ile. Nililia sana. Ukiwa unahesabu kama nilivyohesabu mimi, nakusihi uanzie hapo.

Nilipopona, hata hivyo, nilikosea upande wa pili. Jirani yangu alikuja kuniambia kwamba wanawe hawajala. Nikamwahidi kumwombea, nikafunga mlango, ilhali chakula kilikuwamo ndani. Usiku ule Yakobo 2:15-16 ilinikosesha usingizi, kwa kuwa inamtaja mtu aliyefanya vilevile: anamwambia mwenye njaa aende akashibe, naye hampi kitu.

Wengi hudhani kwamba Paulo, katika maneno yale ya Waefeso, na Yakobo wanapingana. Martin Luther mwenyewe, mwanamatengenezo wa Kanisa ambaye Walutheri wameitwa kwa jina lake, katika utangulizi wa Agano Jipya alilolitafsiri mwaka 1522, aliuita Waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu. Kilichonisaidia mimi ni kurudi kwa Ibrahimu, kwa maana mitume wote wawili wanautaja mstari ule ule, Mwanzo 15:6, unaosema kwamba alimwamini Bwana akahesabiwa haki. Wakati huo Isaka alikuwa hajazaliwa. Yakobo anaendelea hadi sura ya 22 ya Mwanzo, miaka mingi baadaye, Ibrahimu anapomweka mwanawe juu ya madhabahu, na anasema kwamba hapo imani yake ilikamilishwa. Paulo anaeleza mtu anavyopokelewa na Mungu. Yakobo anamhoji mtu anayedai kwamba amekwisha kupokelewa. Mwaka 1999, huko Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja linalokiri kwamba Mungu hutupokea kwa neema pekee, pasipo stahili yetu, na kwamba Roho Mtakatifu hutuwezesha kutenda mema. Tofauti kadhaa zilibaki, lakini nilifarijika kuona msingi huo umekubaliwa na pande zilizoshindana kwa karne nyingi.

Ushauri wangu ni huu: usiishie Waefeso 2:9. Mstari wa 10 unasema kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema, na kwa maoni yangu mahubiri mengi huuruka. Ukilemewa na hofu, shikilia mstari wa 8. Ukijiona umetulia mno hata humwoni mhitaji aliye mlangoni pako, soma wa 10, kisha uinuke ukampe kilichomo nyumbani mwako.

Asubuhi iliyofuata usiku ule wa kukosa usingizi, nilibeba chakula nikaenda kwa jirani yangu na kumwomba msamaha. Sikuandika jambo hilo katika daftari.