Mgao ukikatika, hita yako inanyonywa

"Fundi, niko ghorofa ya tatu, Kasarani. Maji ya mgao yakipotea, mfereji wangu huvuta hewa, fyuuu. Juzi koili ya hita ikaungua. Kuna uhusiano?"

Upo, dada. Bomba la mtaa likibaki tupu, maji yaliyo juu huteremka, na yakiteremka huvuta yale ya kwenye hita. Wa chini akifungua mfereji, anaoga maji yako ya moto. Koili inabaki hewani na swichi umeiacha imewashwa. Mwezi jana nilifungua hita ya namna hiyo: koili imepasuka ubavuni kama muhogo wa kuchoma, na maji chini ya tanki hayajai kikombe. Unahitaji vali ya kuingiza hewa. Maji yakivutwa inafunguka, mnyonyo unakatika. Presha ikirudi inajifunga yenyewe.

"Vali ya usalama ninayo tayari. Haitoshi?" (Lang'ata)

Ile hutoa maji, hii huingiza hewa. Ya usalama hungoja presha ipande au maji yakaribie nyuzi 99. Presha ikishuka haina habari. Na tanki likinyonywa bila kupata hewa hubonyea. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa, lakini bado hukandamiza kila mita ya mraba kwa zaidi ya tani 8.

"Hiyo vali ya kuingiza hewa naifunga wapi?" (South B)

Kwenye bomba la maji baridi, juu ya kimo cha tanki, ikiwa wima. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu: bomba linaloingilia chini ya tanki lazima kwanza lipandishwe lipite kichwa chake, ndipo lishuke. Vali ikae kileleni hapo, na kati yake na hita kusiwe na koki yoyote. Zima umeme kwenye mein swichi, si ukutani tu. Kuijaribu, acha maji yapoe, funga yanayoingia pamoja na mifereji yote ya moto, kisha fungua tundu la kumwagia. Utasikia vali ikivuta pumzi. Ikinyamaza na maji yakagoma kutoka, irudishe dukani.

"Si niweke tu vali ya kuzuia maji yasirudi?" (Umoja)

Weka, ila ujue maji ya moto hutanuka. Lita 100 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka kama lita moja na nusu, na sasa hazina pa kurudi. Vali ya usalama itadondosha. Usiizibe! Nimekuta mtu ameiziba kwa plagi.

"Mimi nina shawa ya papo hapo." (Pipeline)

Haina tanki, basi haya hayakuhusu. Wewe kagua waya wa athi, ule unaopeleka umeme unaovuja ardhini.